Papa, Madonna na wazee wa Quebec: undugu huu umetoka wapi?

Mwaka 2025, wiki chache baada ya Papa Leo XIV kuchaguliwa, ilienea habari kwamba Baba Mtakatifu ana undugu na Madonna, yule mwimbaji. Tena si Madonna peke yake. Kuna Justin Bieber, kuna Hillary Clinton, kuna Justin Trudeau aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu watu waligawanyika papo hapo. Wengine walisema ni uzushi wa mitandaoni, wengine wakasema kuna watu wanataka kulichafua Kanisa. Mama mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Sasa hao wote wametokana na nani?"

Nimelibeba swali lake hadi leo, na jibu lake ni refu kuliko ujumbe wa simu.

Habari yenyewe si uzushi. Wataalamu wa nasaba waliufuatilia ukoo wa Papa upande wa mama yake wakafika Quebec, Kanada, kwa Wafaransa waliohamia huko katika karne ya 17. Ukifika hapo umeingia kwenye mlango ambao watu wengi maarufu wa Amerika ya Kaskazini wamepitia. Céline Dion yumo pia. Wamo na mapadri wengi wa shirika la Mapadri Weupe waliokuja Uganda na Tanganyika kutoka Quebec, ambao wazee wetu waliwazoea bila kujua kwamba wao kwa wao ni binamu wa mbali.

Jambo linaloshangaza si undugu huo. Linaloshangaza ni kwamba watu hao walibaki hai. Mahali walipokwenda palikuwa pa kufa kupona, na wengi wa waliokwenda hawana mjukuu hata mmoja duniani leo.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Nouvelle-France, yaani Ufaransa Mpya, lilikuwa koloni la mfalme wa Ufaransa Amerika ya Kaskazini. Sehemu yake iliyoitwa Kanada ilikuwa ukanda mwembamba wa mashamba kwenye kingo za mto Saint-Laurent, kati ya miji ya Quebec na Montreal. Wakanada wenye asili ya Kifaransa ni wajukuu wa watu wa ukanda huo. Kisha kuna neno "waasisi". Wataalamu wakilitumia hawana maana ya magavana na maaskofu. Wana maana ya mhamiaji yeyote, hata awe kibarua asiyejua kusoma, ambaye damu yake imefika hadi leo. Kwa hiyo ili uitwe mwasisi ilikubidi uvuke bahari, usife mwaka wa kwanza, upate mwenzi, uzae, na watoto wako nao wakue hadi kuzaa. Ukikwama popote kwenye njia hiyo, jina lako halimo.

Sasa hesabu. Una wazazi 2, mababu na mabibi 4, wazazi wao 8. Kila kizazi unachorudi nyuma idadi inajizidisha mara mbili, na ukifika kizazi cha 11 una nafasi 2,048 za kujaza. Watu wangapi walikuwepo wa kuzijaza? Mwaka 1666 msimamizi wa koloni, Jean Talon, aliagiza watu wahesabiwe nyumba kwa nyumba. Walipatikana 3,215. Shule moja kubwa ya msingi ya Dar es Salaam inaweza kuwa na watoto wengi kuliko hao. Kwa hiyo watu wawili wa leo wenye asili hiyo, kila mmoja akiwa na nafasi zake elfu mbili za kujaza kutoka kwenye kapu hilo dogo, ni lazima wakutane kwenye majina yaleyale, na si mara moja.

Kumbuka harusi ya kijijini kwenu. Unasalimia watu arobaini, na kila mmoja ana neno lake: huyu mjomba, yule shangazi, yule shemeji ambaye pia ni mtoto wa binamu. Quebec ya karne ya 17 ilikuwa kijiji hicho, kisha kijiji hicho kikazaa mamilioni. Seremala mmoja, Zacharie Cloutier, alifika mwaka 1634 kutoka wilaya ya Perche. Kufikia mwaka 1800 wazao wake walikuwa zaidi ya 10,000. Papa na Madonna hawahitaji siri yoyote ili wawe ndugu. Kinachohitajika ni mafundi wachache wa namna ya Cloutier.

Kwa kila Cloutier, hata hivyo, kulikuwa na wengi ambao habari yao iliishia njiani.

Njia yenyewe ilikuwa bahari. Safari ya kutoka La Rochelle au Dieppe hadi Quebec kwa kawaida ilichukua miezi miwili hadi mitatu, watu wamebanana chini ya sitaha pamoja na kuku, nguruwe na mapipa ya maji yaliyoanza kunuka. Mwaka 1659 meli iitwayo Saint-André iliondoka La Rochelle ikiwa imejaa wahamiaji wa Montreal, wakiwemo Jeanne Mance, aliyeanzisha hospitali ya mji huo, na Marguerite Bourgeoys, aliyeanzisha shule. Abiria hawakujua kwamba meli hiyo ilikuwa imetumika kama hospitali ya askari na haikusafishwa. Homa kali ikazuka wakiwa katikati ya bahari, na miili ikawa inatupwa majini. Bourgeoys na wenzake walihudumia wagonjwa chumbani mlemle walimoambukizana. Fikiria mzazi aliyeuza kila kitu kulipia nauli ya familia, kisha anaona ndoo ya maji ikipungua, nchi kavu haionekani, na mtoto anachemka mikononi mwake.

Waliofika walikutana na baridi, na ndani ya baridi kulikuwa na kiseyeye.

Ugonjwa huu lazima tuueleze vizuri, maana uliua sana na watu wa siku zile hawakujua chanzo chake. Kiseyeye kinatokana na kukosa vitamini C, ile iliyomo kwenye machungwa, mapera, mchicha na mboga nyingine mbichi. Mwili ukiikosa kwa miezi kadhaa, fizi huvimba na kuoza, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka upya, miguu hujaa madoa meusi, na mwisho mtu huanguka. Wafaransa walikuwa wakila nyama ya chumvi na mikate mikavu miezi yote ambayo mto umeganda. Majira ya baridi ya 1535 hadi 1536, Jacques Cartier alikuwa na watu 110 karibu na kijiji cha Stadacona, mahali palipo mji wa Quebec leo. Watu 25 walikufa, na waliobaki karibu wote walikuwa hoi.

Aliyewaokoa ni mwenyeji, Domagaya, mtoto wa chifu Donnacona. Aliwaonyesha mti uitwao annedda, ambao majani na gome lake huchemshwa na maji yake kunywewa. Mabaharia waliokuwa wakisubiri kufa walisimama ndani ya siku chache. Naomba msomaji asipite haraka hapa, maana kilichofuata kinaumiza. Masika ya 1536 Cartier alimteka Donnacona, wanawe na wengine, akawapeleka Ufaransa. Donnacona hakurudi tena. Elimu ya mti ule nayo ikapotea. Samuel de Champlain alipojenga Quebec mwaka 1608, alianza majira ya baridi na watu 28. Kiseyeye na kuhara damu vikaua 20. Masika yalipofika walikuwa wanane. Dawa ilikuwa imesimama msituni nje ya mlango wao.

Ndiyo maana familia ya kwanza iliyokuja kulima inakumbukwa sana. Louis Hébert, mtengeneza dawa wa Paris, alifika mwaka 1617 na mkewe Marie Rollet na watoto watatu. Binti yao Anne aliolewa, akafa kwa uzazi muda mfupi baada ya ndoa. Mwezi Januari 1627 Hébert mwenyewe aliteleza kwenye barafu, akaanguka, akafa. Alikuwa amevuka bahari zaidi ya mara moja na kuvumilia majira yote hayo ya baridi, akaondolewa na hatua moja mbaya. Mwaka uliofuata Waingereza wakiongozwa na ndugu wa ukoo wa Kirke waliteka meli za chakula, na Quebec ikaingia kwenye njaa ya kweli. Watu waliingia msituni kuchimba mizizi, wakanunua mikunga kwa wavuvi wa Kiinnu, wenyeji wa eneo hilo. Julai 1629 Champlain alisalimu amri. Karibu Wafaransa wote walirudishwa kwao, lakini Marie Rollet, ambaye sasa alikuwa ameolewa tena, alibaki chini ya Waingereza miaka mitatu hadi koloni liliporudishwa.

Binti yake wa pili, Guillemette, alibaki naye, pamoja na mumewe Guillaume Couillard. Walizaa watoto kumi. Mamilioni ya watu leo wamepitia kwa Guillemette. Kwa Anne hajapita yeyote. Wasichana wawili waliovuka bahari kwenye meli moja!

Kuna mtu mmoja aliyeishi kwa familia hiyo ambaye msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kumjua. Alikuwa mtoto mweusi aliyeletwa na kundi la Kirke, kisha akauzwa na kuishia nyumbani kwa Couillard. Kumbukumbu zinamtaja kuwa wa Madagascar au Guinea. Mwaka 1633 alibatizwa Olivier Le Jeune, na alikufa mwaka 1654 akiwa bado kijana. Ndiye Mwafrika wa kwanza anayejulikana kuishi Kanada akiwa mtumwa. Wakati Quebec inahesabu wazee wake, naye alikuwepo, alikula baridi ileile, na hakuacha mtoto.

Pierre Boucher, aliyekuwa gavana wa mji wa Trois-Rivières, aliandika mwaka 1664 kuwaeleza Wafaransa waliotaka kuhamia, na alikuwa mkweli. Alitaja kero kubwa nne: vita na Wairokwa, mbu, urefu wa majira ya baridi, na nyoka wenye sumu wanaotikisa mkia. Alieleza pia hali ya mke anayekaa na hofu kutwa nzima, kwamba mumewe aliyetoka asubuhi kwenda shambani huenda ameuawa au kutekwa. Nikisoma maneno hayo naona mwanamke mjamzito amesimama mlangoni, jua linazama saa kumi jioni kama linavyofanya kule Desemba, anasikiliza sauti ya shoka. Shoka likinyamaza, anahesabu pumzi hadi lisikike tena.

Hapa ndipo hadithi zinapopotoshwa zaidi. Zinasimuliwa kana kwamba walikuwepo walimaji wapole upande mmoja na wenyeji wenye kiu ya damu upande wa pili. Haikuwa hivyo. "Wairokwa" ni jina walilopewa na Wafaransa. Wenyewe wanajiita Haudenosaunee, muungano wa mataifa matano wenye mabaraza na sheria zao. Julai 1609 Champlain, akiwa na washirika wake wenyeji, yaani Wawendat, Waalgonkin na Wainnu, aliwafyatulia risasi Wamohawk, moja ya mataifa hayo matano, na kuua viongozi wao. Wafaransa walikuwa wameingia kwenye ugomvi wa watu, na biashara ya manyoya ya biva, mnyama wa mitoni, ikauchochea kwa karibu karne nzima.

Tena Wahaudenosaunee walikuwa na desturi ambayo Wafaransa hawakuielewa. Ukoo ukipoteza watu kwa vita au maradhi, mama wa ukoo waliweza kutaka mateka waletwe kuziba pengo. Baadhi ya mateka waliteswa hadi kufa, na hilo halifichwi. Lakini wengine waliogeshwa, wakapewa jina la marehemu, wakawa watoto wa nyumba. Pierre-Esprit Radisson alitekwa karibu na Trois-Rivières akiwa kijana, akachukuliwa na familia ya Kimohawk kama mtoto wao, na baadaye akawa msafiri mashuhuri kwa sababu ya lugha na ujuzi alioupata huko.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 1689, wapiganaji wapatao 1,500 walivamia kijiji cha Lachine, jirani na Montreal, mvua ya mawe ikinyesha. Nyumba 56 kati ya 77 ziliteketezwa, watu wapatao 24 wakauawa na makumi wakachukuliwa mateka. Kila mtoto wa Quebec amesikia habari za Lachine. Wachache wamesikia kwamba miaka miwili nyuma gavana Denonville aliwakamata Wahaudenosaunee waliokuwa wamealikwa kwa amani, akawapeleka Ufaransa wakapige makasia kwenye meli za mfalme, kisha akachoma mahindi ya Waseneca, taifa jingine la muungano huo. Wala hawakumbuki sana majira ya kupukutika majani ya 1666, jeshi la Ufaransa lilipochoma vijiji vya Wamohawk na maghala yao baridi ikiwa inabisha hodi. Mama wa Kimohawk naye alisimama mlangoni.

Na maradhi hayakuwapiga wote sawa. Wawendat, washirika wakubwa wa Wafaransa, kati ya 1634 na 1640 walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao kwa ndui na magonjwa mengine yaliyoletwa na wageni, magonjwa ambayo miili yao haikuwahi kukutana nayo. Kama tunazungumzia maisha ya hatari kwenye mto ule, hakuna aliyekuwa hatarini kuliko wao. Vita vilipoa mwaka 1701, wajumbe wapatao 1,300 wa mataifa yapatayo 40 walipokusanyika Montreal, mji ambao wakazi wake hawakuwazidi wageni, wakafanya amani. Kondiaronk, kiongozi wa Kiwendat aliyeisukuma amani hiyo kwa ufasaha wake, alikufa kwa homa mkutano ukiendelea.

Nirudi sasa kwa walowezi na kwenye tarakimu inayopotosha watu kila siku. Utasikia: "Zamani watu waliishi miaka 35 tu, mtu wa miaka 40 alikuwa mzee." Si kweli, na tatizo ni neno wastani. Chukua watoto kumi wa nyumba moja. Wawili wanakufa kabla ya kutimiza mwaka, wa tatu anakufa na miaka 3, wa nne anazama mtoni akiwa na miaka 10. Sita waliobaki wanakufa wakiwa na miaka 40, 55, 60, 62, 65 na 70. Jumlisha, gawanya kwa kumi: wastani ni miaka 36 na nusu. Lakini katika nyumba hiyo hakuna aliyekufa akiwa na miaka 36! Ndivyo ilivyokuwa Quebec. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne hakufikisha mwaka. Aliyevuka utoto alikuwa na matumaini ya kweli ya kuona wajukuu.

Hapa kuna jambo linalopingana na picha yetu ya mateso matupu. Mlowezi aliyestahimili miaka ya mwanzo mara nyingi aliishi vizuri kuliko ndugu yake aliyebaki Ufaransa. Alikuwa na shamba refu linaloanzia mtoni na kuingia msituni, kuni hazimwishi, anapata mikunga na nyama ya paa, maji safi, na majirani wamekaa mbalimbali kiasi kwamba ugonjwa hausambai kama kwenye vichochoro vya Paris. Ufaransa mkulima aliyewinda paa wa bwana wake alifungwa. Kanada aliwinda akala.

Basi kwa nini Wafaransa hawakumiminika? Wengi walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu, ndiyo maana waliitwa "watu wa miezi thelathini na sita". Walifanya kazi kwa bwana, wakilipwa kidogo, wasioe. Mkataba ukiisha, takriban theluthi mbili walipanda meli wakarudi kwao. Katika miaka yote ya utawala wa Ufaransa hadi 1760, waliobaki na kuacha wazao ni kama 10,000 tu. Makoloni ya Waingereza kusini yao tayari yalikuwa na zaidi ya watu milioni moja.

Mfalme Louis XIV alijua tatizo: wanaume wengi, wanawake hakuna. Kati ya 1663 na 1673 hazina yake ililipia safari ya wanawake wapatao 770 ili wakaolewe Kanada. Wanaitwa Mabinti wa Mfalme. Hawakuwa na damu ya kifalme. Jina linatokana na kwamba mfalme aliwagharimia kama baba. Wengi walikuwa yatima, wengine wakitoka Salpêtrière, nyumba ya maskini huko Paris. Na hapa kuna uongo ambao umedumu miaka mia tatu, kwamba walikuwa makahaba waliofukuzwa mitaani. Aliyeueneza zaidi ni ofisa mmoja, Lahontan, aliyefika Kanada miaka kumi baada ya meli ya mwisho ya mabinti hao. Watafiti walipofungua daftari za parokia na mikataba ya ndoa hawakukuta kitu cha kumuunga mkono.

Walichokuta ni wasichana wenye akili timamu. Mtawa Marie de l'Incarnation, aliyeishi Quebec wakati huo, aliandika kwamba swali lao la kwanza kwa mchumba lilikuwa kama ana nyumba. Walikuwa wamesikia habari za wanawake waliokubali haraka wakalala baridini. Mikataba mingi ya uchumba ilivunjwa kwa sababu binti alibadili mawazo, na hakuna aliyemlazimisha. Wanaume ndio waliobanwa: mwaka 1671 Talon aliamuru kwamba kapera asiyeoa ndani ya siku 15 baada ya meli ya mabinti kufika angenyimwa ruhusa ya kuwinda, kuvua na kufanya biashara ya manyoya. Familia yenye watoto kumi iliahidiwa livre 300, fedha ya Ufaransa ya wakati huo, kwa mwaka, na yenye watoto 12 livre 400.

Hivyo ndivyo 3,215 wa mwaka 1666 walivyofika karibu 70,000 mwaka 1760, kwa tumbo la mama zaidi kuliko kwa meli. Nikiisoma tarakimu hiyo najiuliza ni wanawake wangapi waliojifungua mara nane au mara kumi, theluji imefunika dirisha, na mkunga yuko ng'ambo ya mto uliojaa vipande vya barafu. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne wakamzika.

Kapu dogo lina bei yake, na bei hiyo inalipwa hadi leo hospitalini. Wataalamu wanaiita athari ya waasisi: watu wachache wakizaa taifa, hitilafu ndogo iliyokuwa kwa mmoja wao huenea kwa maelfu. Kuna ugonjwa wa kurithi unaoharibu mshipa wa macho, unaopita kwa mama lakini unapofusha zaidi wana wa kiume. Watafiti wa Quebec walifuatilia wagonjwa wao kizazi hadi kizazi, na wengi wao wakaishia kwa mwanamke mmoja, Binti wa Mfalme aliyeolewa Quebec mwaka 1669. Mwenyewe hakujua. Huko Saguenay, mkoa uliojazwa na watoto wa familia chache kuanzia 1838, takriban mtu mmoja kati ya 20 amebeba hitilafu ya ugonjwa wa ini uitwao tairosinemia, na watoto wachanga wa Quebec hupimwa wanapozaliwa.

Jambo jingine linalosemwa sana: kwamba kila Mquebec ni nusu mwenyeji wa asili. Wenye mizizi mirefu wengi wanaye babu au bibi mmoja wa kabila la wenyeji, ndiyo. Lakini vipimo vya vinasaba vinaonyesha mchango huo kwa jumla ni karibu asilimia 1. Bibi mmoja kati ya elfu mbili anaheshimika kwenye ukoo. Hakufanyi uwe Mwendat, na Wawendat wa leo, ambao wapo na wana serikali yao jirani na mji wa Quebec, wana haki ya kulisema hilo.

Yote haya tunayajua kwa sababu mapadri waliandika. Kila ubatizo, ndoa na maziko viliingizwa kwenye daftari la parokia, na tangu 1966 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal wamekuwa wakiziunganisha kurasa hizo jina kwa jina. Mhamiaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyepanga Montreal leo anaweza kukuta mwenye nyumba wake anamtaja babu wa kumi kwa jina, kijiji alikotoka Ufaransa na tarehe aliyooa. Mjukuu wa mtumwa wa pwani yetu, au wa kijiji cha Maniema, huko Kongo, kilichochomwa na wawindaji wa watumwa, hana daftari kama hilo.

Hata daftari lenyewe lina kovu. Juni 1640 kanisa la Quebec liliungua, na vitabu vyote vya miaka ya mwanzo vikateketea. Mapadri walikaa na waumini wakaanza kuviandika upya kwa kumbukumbu: nani alimbatiza nani, nani alizikwa baridi ipi. Mtu mwenye mjane, mtoto au jirani wa kumtaja alirudi kitabuni. Kibarua aliyekufa mwezi wa pili tangu ashuke melini, ambaye hata jina la kijiji chake hakuna aliyelishika, hakuwa na wa kumtaja.

Nilimwandikia yule mama kwenye kundi kwamba hao wote, Papa na Madonna na wengine, wametokana na seremala, wauza dawa, vibarua na mabinti yatima wasiozidi elfu kumi. Akajibu, "Na wale wengine walioenda nao?"